Punje za Wimbi Kwenye Simu ya Figo

Simu yenyewe ilitoka hospitali pamoja na mtoto, kwenye mfuko mmoja na dawa zake. Tuliiita simu ya figo kwa sababu haikuwa na kazi nyingine. Mtu akija kwangu aseme, "Mama, nisaidie hiyo simu nipige mahali kidogo tu," mjukuu wangu anamjibu kutoka ndani, "Hiyo ni ya figo!" Na mtu anarudisha mkono kama ameshika sufuria ya moto.

Huyo mjukuu ni msichana, mtoto wa kijana wangu wa pili. Alikuwa wa darasa la tatu, lakini shule hajaiona muda mrefu. Figo zake zilikataa kazi, zote mbili, akafura uso mpaka macho yakabaki kama mistari. Babake akatoa yake moja, wakampandikizia huko Nairobi. Mambo ya kupasua siwezi kukueleza, sikuwa huko, nilibaki na ng'ombe. Mimi naelewa hivi: walienda na figo mbili nzima, za babake, na wakarudi na hizo hizo mbili, ila sasa kila mmoja anatembea na yake.

Kwetu nyanya na mjukuu msichana wanataniana kama wake wa bwana mmoja. Babu yake alikufa kabla huyu hajazaliwa, lakini hiyo haikutuzuia kumgombania. Nikichelewa kuamka ananiambia, "Wewe mke mkubwa, toka kwa hiyo kitanda, bwana anataka mpishi mwenye meno." Nami namwambia, "Bwana gani atakutaka wewe na hiyo tumbo ya kushonwa kama gunia?" Tunacheka. Wageni kutoka mbali wakitusikia wanafikiri tunatukanana.

Alikaa kwangu kwa sababu mamake ni mwalimu kule Kenyenya na likizo yake iliisha, na huko nyumbani kwao kuna wadogo wawili wenye mafua ya kila wiki. Babake anauza misumari na mabati mjini Kisii. Kwangu, juu ya Keroka upande wa Nyamira, ni mimi, ng'ombe, kuku na majani chai. Hakuna mtu wa kumpigia chafya.

Daktari hakupenda. Alisema mtoto wa figo mpya akae karibu na hospitali, kwa chumba cha kukodi, mpaka wamwambie aende. Mjukuu wangu na mamake walikuwa wamekaa kwa hicho chumba tayari. Dirisha moja, na dirisha lenyewe linaangalia ukuta. Mtoto alisema ukuta huo amefahamiana nao mpaka hawana la kuambiana. Akaacha kula vizuri, akaacha kuongea. Ni nesi mmoja ndiye alimtetea. Akamwambia daktari, si kuna simu? Basi wakatufungia mkataba wa mdomo: kila asubuhi na kila jioni, kabla ya dawa, mtoto anapimwa joto, uzito na presha. Kila mashine inapigwa picha namba zikionekana. Dawa zinapigwa picha zikiwa kwa kiganja, halafu mdomo ukiwa wazi baada ya kumeza. Zote zinaenda kwa nesi kwa ile programu waliyoiweka ndani ya simu, na nesi anajibu. Simu ikinyamaza, mtoto anarudi Nairobi kwa hicho chumba. Siku nilipoenda na babake kumchukua, nesi alirudia hayo maneno mara mbili, akiniangalia mimi, si babake.

Kusoma maneno mimi ni kidogo sana, niliwacha darasa la pili. Namba nazijua, za mizani ya chai zilinifundisha. Hata hivyo kazi ya kubonyeza ilikuwa ya mke mwenzangu, huyo mjukuu. Yeye ndiye alichagua ile sauti ya kutukumbusha dawa, akachagua jogoo. Asubuhi haikuwa na shida, simu inawika, jogoo yangu inajibu, mtoto anatoka kitandani. Jioni ndiyo ilileta maneno. Kwetu jogoo ya kuwika jioni ni kisirani. Jirani yangu, mama mmoja tunachuna naye chai, akaja akasimama kwa mlango na uso wa matanga.

"Mama, hiyo jogoo yako nimeisikia tena jana jioni. Ichinjeni."

"Si jogoo, ni simu."

"Simu inawika?"

"Inawika ikitaka dawa."

Akaniangalia sana. "Basi ichinjeni hiyo simu," akasema, akaenda.

Taabu kubwa ilikuwa wageni. Kwetu mtu akitoka hospitali lazima aonwe. Anasalimiwa kwa mkono, anashikwa kichwa, anaombewa, watu wanakunywa chai wamejaa nyumba. Sasa mimi niwaambie watu wa kanisa, watu wa ukoo, ati simameni nje, huyu mtoto dawa zimemlegeza mwili, homa yako ndogo kwake ni kubwa? Niliwaambia. Wengine walisema nimekuwa mzungu. Nikawawekea viti kwa uwanja, chini ya ndizi, na mtoto anawapungia mkono kutoka dirisha lililofungwa, amevaa barakoa. Wakazoea.

Mmoja hakuzoea, kaka mkubwa wa marehemu bwana yangu. Huyo ndiye mzee wa ukoo wetu, na macho yake na masikio yake yote yamechoka. Dirishani alikuwa haoni kitu. Alikuja Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana, na fimbo, na koti ya mazishi.

"Mong'ina," akaniita, ndivyo sisi wamama wazee tunaitwa, "nimekuja kuona bibi yangu. Nimesikia umemfungia kama ndama."

"Shemeji, si mimi. Ni hospitali."

"Hospitali iko hapa? Mimi naona ndizi."

Nikajua nia yake. Mzee kama huyo hakuji kusalimu tu, anakuja kubariki, na baraka yake ni kuweka kitu mdomoni na kukupulizia usoni. Zamani ilikuwa pombe ya wimbi, siku hizi ni maji. Ukimkataza umemtukana, na ukoo wote utasikia kabla jua halijatua. Ukimkubali, uso wa mtoto ndio huo.

Nikaingia ndani nikamwambia mke mwenzangu, "Bwana yako mwingine amekuja, nifanyie picha ya kuongea." Akatoa barakoa, akajirekodi: "Babu, nimepona, ukinioa sasa utalipa ng'ombe wa watu wawili, mimi na figo." Nikabeba simu mpaka nje, nikaiweka mbele ya macho ya mzee, karibu kabisa, sauti yote juu.

Mzee akashika hiyo simu kwa mikono miwili. Akacheka mpaka fimbo ikaanguka. "Ni yeye! Angalia mashavu! Rudisha tena." Nikarudisha. Akaangalia mara ya pili, mara ya tatu. Nilikuwa nimemwekea chai kando, chai ya maziwa, kikombe kikubwa. Akasema, "Maji haina nguvu, hii ina maziwa ndani." Kabla sijaelewa anaongea nini, amevuta chai mdomo mzima, na pfuuu! Uso wa mtoto wote, pale kwa kioo. Tena pfuuu! Akataja majina ya wazee waliolala. Chai ikateremka kwa kioo, ikaingia pande zote. Mtoto kwenye picha akaendelea kucheka kidogo, halafu akakatika katikati ya neno, na simu ikawa nyeusi.

"Amelala," mzee akasema. Alikuwa ameridhika. Akaomba kikombe kingine.

Nilimpa. Ningefanya nini?

Alipoenda tulijaribu kuwasha, wapi. Mke mwenzangu alikuwa amesimama nyuma ya kioo cha dirisha, amegandamiza pua. Akaniuliza, "Sasa ni Nairobi?" Nikamwambia bado.

Nilikuwa nimesikia kwa redio kwamba simu ikiingia maji unaifukia kwa mchele, mchele unavuta maji. Mchele sikuwa nao. Nilikuwa na wimbi, debe nzima, ya kusaga uji. Nikasema punje ni punje. Nikaisukuma simu ndani ya debe, ile shimo ya chaji ikiangalia chini, na nikatikisa debe vizuri ili wimbi ifike kila mahali. Nilitikisa kwa bidii. Halafu nikachukua kasimu kangu ka kubonyeza, ile inaitwa kabambe, nikampigia babake nikamwambia simu ya figo imekunywa chai.

Jua lilikuwa linaenda kutua, Sabato inaingia, na sisi ni watu wa Sabato. Fundi wa simu Keroka amefunga, na asingefungua mpaka Jumapili. Mtoto akasema tupime hata kama hakuna pa kutuma. Tukapima. Lakini hizo namba tuziweke wapi? Vitabu vyake vyote vilikuwa Kenyenya kwa mamake, na peni ya nyumba ilikuwa imekauka tangu uchaguzi. Akasema, "Si tuzikariri kama fungu." Unajua watoto wetu kanisani kila Sabato wanasimama mbele wanakariri fungu la Biblia, na wanalikariri kwa sauti ya kupanda na kushuka, kama wimbo ambao haujaamua kuwa wimbo. Basi akaanza: Ijumaa jioni, joto thelathini na sita nukta saba, presha mia na nne kwa sitini na sita, kilo ishirini na mbili. Mimi nikamjibu mstari kwa mstari. Mpaka anameza dawa tulikuwa tumeshazishika.

Sabato asubuhi tukaongeza ubeti. Kanisa hatukuenda, hatukuwa tunaenda siku hizo, tulikaa nyumbani tukaimba nyimbo za kawaida na hizo namba zetu katikati.

Mchana kijana wangu akafika kutoka Kisii. Hospitali ilikuwa imempigia yenyewe. Akaketi nje bila kusalimia vizuri.

"Mama, wameona simu imenyamaza. Nimeongea na nesi wa zamu, si yule wetu. Anasema kama picha hazifiki, Jumatatu asubuhi tumpeleke. Na atakaa huko."

"Kwani namba za mdomo haziwezi?"

"Nimemuuliza. Anasema kila mtu anasema mtoto yuko sawa."

Hapo hakuna la kubishana. Nami nimeona watu wakisema mgonjwa yuko sawa huku wanatafuta mbao. Nikamwambia aende apange safari yake, mimi Jumapili nitashuka Keroka. Akatoa macho kwa debe. "Mama, umeiweka kwa wimbi?"

"Mchele ni wa wageni," nikamwambia.

Hiyo jioni ya Sabato joto lilipanda. Si sana. Thelathini na saba nukta nane. Tuliambiwa ikifika thelathini na nane tupige simu wakati huo huo, hata kama watu wamelala. Nikampa maji mengi, nikampima tena baada ya muda, imebaki hapo. Nikampima tena, imeshuka kidogo. Mtoto alikuwa anacheza na kamba kitandani, hana habari. Nilipoanza ubeti wa hiyo jioni nikataja ile namba iliyoshuka. Akanisimamisha.

"Mke mkubwa, unaiba. Ya kwanza ilikuwa nukta nane."

"Nukta nane itakurudisha kwa ule ukuta."

"Najua," akasema. "Lakini ndiyo ilikuwa hapo." Akaimba nukta nane, na akangoja mpaka nami nikaijibu.

Jumapili asubuhi alikuwa thelathini na sita na kitu. Nikamwacha na jirani yangu, yule wa kuchinja simu, ameketi nje kwa ngazi akichambua mboga na mtoto akiwa ndani. Nikapita kwa mzee njiani, maana ni adabu. Nilipomwambia simu ilikufa alitingisha kichwa polepole. "Basi ilifanya kazi," akasema. "Ugonjwa umetoka kwa mtoto umeingia kwa simu. Iacheni izikwe." Nikamshukuru nikaendelea kuteremka.

Fundi wa simu pale Keroka ni mama mnene mwenye miwani mbili, moja kwa macho na moja kwa nywele. Aliifungua, akaangalia, akaita mwenzake wa duka la pili aje aone.

"Nyanya, hapa ndani umepanda nini?"

"Ni wimbi."

"Na hii ya kunata?"

"Ni chai. Ya maziwa."

"Mlikuwa mnapika uji kwa simu?" Watu waliokuwa kwa foleni wakacheka wote, na mimi nikacheka, kwa sababu alikuwa na haki. Ile shimo ya chaji ilikuwa imejaa punje mpaka mdomo. Zinatosha pale kama zilipimwa. Akazitoa na sindano moja moja, akaziweka kwa kifuniko cha soda, akasafisha ile ya kunata na spiriti. Akaniambia chai haikuifanyia ubaya mwingi, ingekauka. Iliyoizuia kula chaji ni wimbi. Akaichomeka. Tukangoja. Ikawaka, na doa la rangi ya chai kwenye pembe moja, ambalo liko mpaka leo.

Halafu ikaanza kulia, ujumbe juu ya ujumbe. Nikapanda mlima haraka haraka, nikampa mtoto kupitia kwa dirisha baada ya kuipangusa na ile dawa ya mikono. Hata hajafungua vizuri, nesi wetu anapiga, na uso wake unaonekana.

"Nyanya! Mnataka nipate presha mimi? Mlikuwa wapi?"

Nikamweleza yote, mzee, picha, chai. Nikaona ameweka mkono kwa mdomo na mabega yanatingika.

"Alitemea simu chai?"

"Alibariki."

"Na mtoto alikuwa wapi wakati huo?"

"Ndani. Dirisha limefungwa."

"Hakumgusa? Hakumpulizia?"

"Hata kivuli chake hakikumfikia."

"Hiyo ni nzuri. Hiyo nitamwambia daktari." Uso wake ukarudi wa kazi. "Lakini Nyanya, kuanzia Ijumaa jioni sina kitu hapa. Kwa daktari, hizo siku mtoto hakuwa na mtu."

Nikamwambia tunazo. Akauliza ziko wapi. Mke mwenzangu akasimama wima kama yuko kanisani, mikono nyuma, akaanza. Ijumaa jioni. Mimi najibu kutoka nje ya dirisha. Sabato asubuhi. Sabato jioni, na nukta nane ikiwa ndani. Nesi akasema, "Simama. Rudia hapo." Akairudia bila kubadilisha. Nesi akaandika, hiyo na ya Jumapili asubuhi.

Akasema, "Sasa leta ile mashine ya presha. Pembeni kuna kitufe kidogo hamjawahi kukitumia. Bonyeza." Mtoto akabonyeza. Kumbe mashine yenyewe inaweka za nyuma! Zikatokea moja baada ya nyingine, na nesi huko Nairobi anazilinganisha na alizoandika. Mia na nne kwa sitini na sita. Ya pili. Ya tatu. Ya nne.

"Zinalingana," akasema. "Na kama za presha ni za kweli, hii ya joto nayo ni ya kweli. Hiyo ndiyo itamsumbua daktari. Ngojeni."

Tulingoja mpaka ng'ombe wamekamuliwa. Daktari akasema hivi: hatasema mtoto abaki na hatasema arudi. Jumatatu apelekwe mapema Nyamira atolewe damu. Damu ikionyesha figo inachuja kama kawaida, anakaa kwangu. Ikionyesha vingine, gari isigeuke, iende moja kwa moja Nairobi.

Kwa hiyo Jumatatu kijana wangu alikuja na mfuko mkubwa, umepangwa kabisa. Mamake mtoto alikuwa ameupanga Kenyenya akautuma, na usiku akalia kwa simu. Blanketi, sweta mbili, kikombe chake, viatu vya ndani. Tukaenda watatu, mtoto na barakoa. Akatolewa damu, hakulia, aliuliza tu kama ni yake au ni ya babake. Nikamwambia nyamaza, watatoa ya babake pia. Tukakaa nje kwa benchi ya mwisho, mbali na watu. Mfuko ulikuwa katikati ya miguu ya kijana wangu, na nilimwona anaufunga zipu, anaufungua, anaufunga.

Simu ya figo ililia mchana. Nesi alianza na salamu, mpaka za ng'ombe, na hiyo peke yake iliniambia. Mtu mwenye habari mbaya hasalimii ng'ombe. Damu ilikuwa nzuri. Lile joto lilikuwa la kupita. Daktari anasema mtoto abaki, ila ile programu iwekwe kwa simu ya pili, ya babake ya zamani, na simu zote mbili zisikaribie mzee yeyote anayekunywa kitu.

Tukarudi nyumbani. Kijana wangu akaweka mfuko mezani akatoka kuongea na mkewe. Mke mwenzangu hakungoja. Akatoa blanketi akaitandika kitandani kwangu. Akatoa sweta, akatoa viatu, akaweka kikombe kwa kabati karibu na changu. Akageuza mfuko chini juu akaupiga na kiganja kuhakikisha hakuna kilichobaki. Halafu akaukunja, akafungua dirisha kidogo, akaurusha nje kwa miguu ya babake.

"Baba," akamwambia, "ukienda uende nao. Usiuache hapa."